Masako: pori la jirani na mashamba yanayolizunguka

Maneno yaliyosemwa na timu ya vijijini mbele ya mkutano wa wanachama, Kisangani



Komite ilituomba tuzungumze nusu saa juu ya pori la Masako. Sababu mnaijua, hatutazungukazunguka. Kuko familia kadhaa za chama hiki zilizopata mashamba upande wa barabara ya zamani ya Buta. Baadhi ya mashamba yako karibu sana na mpaka wa rezerva. Mengine, tuseme ukweli, yako ndani. Watu wanaogopa. Mama mmoja alituambia: vita ilitufukuza, tukarudi, na sasa miti nayo itufukuze? Neno hilo linauma, na hatutaki kulijibu kwa kicheko. Lakini kabla ya kulijibu tujue kwanza ni pori gani tunalolizungumzia, kwa sababu wengi wetu tuliozaliwa Tshopo, Mangobo ao Kabondo tunajua Masako kwa jina tu, sawa vile mtu anajua jina la shangazi ambaye hajamtembelea.

Masako iko kilomita kama 14 toka mjini, kaskazini-mashariki. Kwa toleka mtu anafika asubuhi na anarudi mchana, kama mvua haikuharibu njia. Ukubwa wake ni hekta 2,105. Hiyo si kitu mbele ya pori kubwa la Kongo. Ukiipeleka Bafwasende ingepotea kama punje ya mchele ndani ya gunia. Mto Tshopo unaizunguka kwa kona kubwa, ule ule mto unaoshuka mpaka kwenye barazhi yetu hapa mjini. Serikali ya Wabelgiji ndiyo iliyoiandika kuwa rezerva, mwaka 1953. Baadaye Universite ya Kisangani ikaifanya kuwa shule yake ya nje: wanafunzi wa sayansi wanahesabu miti huko, wanakamata panya na kuwapima, wanarudisha daftari mjini. Sisi wenyewe, kati yetu, kuko waliolala huko wakati wa masomo yao na kuliwa na mbu sawasawa. Kwa hiyo, kwa upande wa karatasi, Masako ni moja ya mapori yanayojulikana zaidi katika jimbo hili. Kwa upande wa tumbo, wanaolijua ni wengine: watu wa Batiabongena na vijiji vya jirani, Wakumu kwa wingi, wanaokula toka humo tangu kabla ya daftari ya kwanza.

Ukiingia toka barabarani, haukuti pori mara moja. Unapita mihogo, ndizi, mpunga kama ni wakati wake. Halafu vichaka vya mashamba yaliyopumzika, na hapo mti unaoonekana kupita yote ni kombokombo, ule wa majani makubwa kama mwavuli. Watu wa mjini wanamdharau kombokombo kwa sababu mbao zake ni nyepesi na hazidumu. Sisi tunasema yeye ndiye daktari wa udongo. Anaota haraka pale jua linapochoma, anatia kivuli, anaangusha majani, na chini yake miti mingine inapata nafasi ya kuanza. Miaka kama 20 hivi, anachoka na kufa, na wale aliowalea wanabaki. Ukitaka kujua shamba limepumzika muda gani, hakuna haja ya kuuliza mtu: angalia unene wa kombokombo.

Mbele zaidi unafika kwenye pori la limbalu. Hapo mambo yanabadilika. Limbalu anapenda kukaa na ndugu zake tu. Sehemu kubwa ya miti mikubwa unayoiona ni yeye peke yake, na kivuli chake ni kizito mpaka mchana unaonekana kama saa kumi na mbili jioni. Majani yake hayaozi haraka, yanafunika chini kama mkeka mnene, na mbegu zake ni kubwa, haziruki na upepo wala hazibebwi na ndege. Zinaanguka chini ya mama yao. Maana yake ni hii, na tunaomba muisikie vizuri: ukikata limbalu na kuchoma, hatarudi kama kombokombo. Mbegu yake itatembea hatua chache tu, kizazi kwa kizazi. Mtoto wako hatamuona pale, na mjukuu wako pia.

Sasa, pori hili linatupa nini? Tukisema “hewa safi”, mtatuuliza kama hewa inapikwa na sombe. Kwa hiyo tutaje vile vinavyoingia sokoni na nyumbani. Mangongo, majani ya kufungia kwanga na liboke. Fumbwa, ambayo mjini kila mama anajua bei yake. Kekele, kamba ya kufumia vikapu na viti. Uyoga, konokono, asali, dawa za maganda. Na viwavi, ile mbinzo ambayo wakati wake ukifika, soko zima linabadilika harufu. Mbinzo haianguki toka mbinguni. Kila aina ina mti wake. Mti wa sapeli una mbinzo yake. Na sapeli ndiye mti ambao wapasuaji wa mbao wanautafuta kupita mingine. Mwenye msumeno anaondoka na mti mara moja, anauza mara moja. Mama aliyekuwa anaokota chini ya mti ule kila mwaka, yeye hakuna mtu anayempa hesabu. Hatujaona bado karatasi ya kibali inayotaja mbinzo.

Na mto. Watu wengi hawafikiri juu ya mto wanapozungumza juu ya pori. Mvua ya hapa kwetu ni nyingi, karibu milimita 1,800 kwa mwaka, na mara nyingi inapiga kwa hasira. Kwenye pori inagonga majani kwanza, halafu mkeka wa chini, ndipo inaingia polepole. Kwenye shamba lililo wazi kandokando ya mto, inabeba udongo moja kwa moja mpaka Tshopo. Udongo huo unashuka, na chini ya njia kuko barazhi. Umeme ukikatika, na mnajua vile unakatika, kila nyumba inarudi kwa makala. Makala inatoka wapi? Angalia toleka zinazoingia mjini asubuhi mapema na barabara ya zamani ya Buta, gunia mbili, gunia tatu, kijana anasukuma kwa miguu sababu mzigo umeshinda pedali. Hatumlaumu kijana. Tunasema tu kwamba mji huu unapika chakula chake kwa moto wa Masako na wa mapori mengine ya karibu, na mji haulipi hata franga moja ya kupanda mti.

Tuje kwa sheria, na hapa tunaomba utulivu maana wengine wamekwisha kudanganywa pande zote mbili. Kuko wanaosema “rezerva ni ya serikali, hata jani usiguse.” Kuko wanaosema “pori ni la mababu, kata unavyotaka.” Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 haisemi hivyo wala vile. Inasema kwamba ndani ya pori lililoandikwa na serikali, watu wanaoishi kandokando wanabaki na haki zao za kutumia: kuokota kuni zilizokauka na majani ya kuezekea, kuchuma matunda na mimea ya kula ao ya dawa, kuchukua asali, kuokota viwavi, konokono na vyura, hata kukata mti wa kujengea nyumba yao ao wa kazi ya mikono. Ni kwa matumizi ya nyumbani. Kuuza ni jambo lingine, na sheria imelibana. Kulima hakumo katika orodha hiyo. Kuchoma makala hakumo.

Sasa shikeni neno lile: wanaoishi kandokando. Mwanachama anayekaa Mangobo na kwenda Masako siku ya Jumamosi si mtu wa kandokando. Familia iliyorudi na kupokelewa Batiabongena, iliyojenga nyumba na inayoshiriki salongo ya kijiji, hiyo inaweza kusimama pamoja na wenyeji. Lakini ni wenyeji ndio watakaosema “huyu ni wetu.” Si kadi ya chama itakayosema, wala fulana ya shirika.

Wenyeji nao wako na swali lao, na ni la haki. Mwaka 1953 mpaka ulichorwa na watu waliokuwa na bunduki na dira. Ukikaa na wazee jioni, utasikia: udongo ulichukuliwa, tulipewa nini? Wafadhili wetu wa Ulaya wasishangae, maana swali hili liliulizwa hata kwao. Karibu na mji wa London kuko pori linaloitwa Epping Forest, hekta kama 2,400, si mbali na ukubwa wa Masako. Watu wa Loughton, kijiji cha jirani, walikuwa na haki ya zamani ya kukata matawi ya kuni wakati wa baridi. Katika miaka ya 1860 mwenye ardhi alianza kulizungushia uzio. Mzee mmoja maskini, Thomas Willingale, hakukubali. Alishikilia haki ile, na watu wa jamaa yake waliingia gerezani kwa kosa la kukata matawi. Kesi zikafuata, miaka mingi. Mwisho, mwaka 1878, Bunge lilipitisha sheria: pori lisiuzwe, lisizungushiwe uzio, na serikali ya mji wa London ililinde kwa ajili ya watu wote. Haki ya kukata matawi ilisimamishwa, ndiyo, lakini haikuchukuliwa bure. Ililipwa, na kwa sehemu ya pesa hizo watu wa Loughton walipata nyumba ya mikutano iliyofunguliwa mwaka 1884 na ingali imesimama. Hata jina lake, Lopping Hall, linataja ile kazi ya kukata matawi.

Hatuwaambii hadithi hii ili tuseme Uingereza ni mbinguni. Walikwisha kumaliza mapori yao mengi kabla ya kukumbuka kuyahurumia. Tunaisema kwa sababu pale pori lilibaki hai, na walioacha haki yao walilipwa. Masako tunaombwa pori libaki, na upande wa pili wa mizani bado mtupu. Wenye kutoa pesa za mazingira walifikirie jambo hilo kabla ya kununua bango jingine.

Turudi kwa mashamba yetu. Zamani, shamba lilikatwa wakati wa jua la Januari na Februari, likachomwa, mpunga ukapandwa mvua ya Machi ikianza, mihogo na ndizi zikafuata, na baada ya miaka miwili mitatu likaachwa. Lilipumzika miaka 10, hata 15. Leo watu wanarudi baada ya miaka mitatu ao minne, kombokombo angali na unene wa mkono wa mtoto. Udongo haujapona. Mavuno yanashuka, majani mabaya yanapanda, na mtu anaangalia wapi? Anaangalia ndani ya rezerva, ambako majivu ya miti mikubwa yatampa mpunga mzuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kidogo. Mwaka wa tatu anarudi pale pale alipokuwa, na pori limerudi nyuma. Familia zetu hazikuingia ndani ya mpaka kwa ubaya. Wengine walionyeshwa sehemu na mtu aliyesema ni udongo wake. Mpaka wa upande wa mto unajionyesha wenyewe; upande wa mashamba hauonekani kwa macho.

Na kuko shirika moja, jina tuliache, lililogawa majembe na mapanga mazuri kwa waliorudi bila kuuliza hata mtu mmoja atakwenda kulima wapi. Panga jipya, mtu hana udongo: mlitaka alitumie kukata nini? Kitu kingine kwa wafadhili: mbegu ya mpunga ikifika mwezi wa Juni, ripoti itaandika “imegawiwa,” lakini shamba litaandika njaa. Mpunga unangoja Machi. Kalenda ya mradi iangalie mvua, si mvua iangalie kalenda ya mradi.

Tunachopendekeza ni hiki, na tumekizungumzia na komite. Ndani ya mpaka, asikate mtu tena hata hatua moja. Mihogo iliyokwisha kupandwa, tunataka iachwe ivunwe, na hilo si sisi tunaoweza kuliamua: komite itakwenda pamoja na mkubwa wa kijiji kwa watu wa Mazingira kuomba muda, na orodha ya familia mkononi, kwa uwazi. Watu wanaojificha wanafukuzwa bila kusikilizwa. Wanaokuja na majina yao na tarehe ya kutoka, mara nyingi wanasikilizwa. Hatuwezi kuahidi jibu. Familia ikiambiwa itoke kabla ya kuvuna, chama kiwe tayari kuibeba kwa chakula kwa miezi ile, na kwa hilo tunaomba mfuko wa likelemba uongezwe sasa, si siku ile.

Mashamba mapya yatafutwe kwenye vichaka vya nje ya mpaka, ambako kombokombo amekwisha kuwa mnene. Vichaka hivyo viko na wenyewe. Kwa hiyo karatasi. Tunajua karatasi inaleta aibu. Mtu amekupokea nyumbani mwake, umekula lituma yake, halafu umtolee kalamu? Lakini tukumbuke ile ya Lubunga na upande wa Ubundu tangu mwaka 2023. Kesi ya udongo kati ya Wambole na Walengola, watu ambao walikuwa wanaoana, iligeuka damu, na maelfu walivuka mto kukimbilia hapa mjini. Baadhi yenu mlioketi hapa mlilala chini ya maturubai. Hatuna haja ya kuwafundisha kile udongo usio na maneno wazi unachoweza kuzaa. Karatasi iseme shamba lianzie wapi na liishie wapi, ni mavuno mangapi, mgeni anatoa nini kwa mwenye udongo, na jambo moja ambalo watu wanalisahau: kama mgeni ana ruhusa ya kupanda miti.

Hilo la miti lina uzito. Kwa desturi ya huku, mwenye kupanda mti wa kudumu anaonekana kama anaweka mguu wake pale kwa siku zote. Mihogo ni ya mgeni, mchikichi na kakao ni vya mwenye udongo. Mafundi wengi wa miradi wamefika na miche yao, wakapanda kwa furaha, na baada ya mwezi miche yote ilikuwa imeng'olewa usiku. Walidhani ni mbuzi. Kwa hiyo tukitaka kupanda akasia kwa ajili ya makala, kama ilivyofanywa Yangambi, kilomita mia moja hivi magharibi, ao Mampu kwenye uwanda wa Bateke kule Kinshasa, tuanze kwa kusema miti ni ya nani. Pendekezo letu: miti iwe ya mwenye udongo, mgeni alime kati yake mpaka kivuli kifunge, na makala ya kwanza igawanywe. Akasia inakua haraka na mizizi yake inarudisha nguvu ya udongo. Haitaleta mbinzo wala fumbwa, hiyo tusidanganyane. Lakini kila gunia linalotoka kwenye akasia ni gunia ambalo halikutoka kwa limbalu.

Wazee watakumbuka pia mashamba ya milia ya wakati wa Wabelgiji: mstari wa shamba, mstari wa kichaka, ili kichaka cha pande zote mbili kirudishe mbegu ndani. Mafundi wa Yangambi ndio waliyatengeneza, na watu waliyachukia sababu yalilazimishwa kwa fimbo. Fimbo ilikuwa mbaya, lakini wazo la milia lilikuwa na akili, na hakuna kinachotuzuia kulichukua bila fimbo. Papa wawili wa chama chetu wanalijua toka kwa wazazi wao na wamekubali kulionyesha kwenye shamba la mfano.

Kwa wale wanaouliza kama kijiji kinaweza kupata pori lake chenyewe, lenye karatasi ya serikali: inawezekana, nje ya rezerva. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba konsesyo yake ya pori, mpaka hekta 50,000. Ni njia ndefu, yenye ramani, mikutano na sahihi nyingi, na wenye kuomba ni wenyeji, si sisi. Wakitaka, tutasaidia kuandika. Tusiwatangulie.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao tutatembea mpaka pamoja na mkubwa wa kijiji, wenye udongo na watu wa Mazingira kama watakubali. Kila familia yenye shamba upande ule ilete mtu mmoja, mwenye miguu mizuri, na buti. Tutafunga alama kwenye miti ya mpaka mbele ya macho ya wote. Majina yaandikwe kwa mwandishi wa chama kabla ya Alhamisi, kwa sababu toleka zinalipwa mapema, na mwenye kuja na toleka yake mwenyewe aseme, tutamrudishia ya njia.